Antena Katika Ukumbi wa Harusi

Juni 6

Sahani imepanda. Tangu asubuhi tumeivuta kwa kamba za chuma hadi juu ya mnara wa kilima chetu. Ina upana wa mita nne na ushee, nyeupe kama yai, na haikugusa kitu njiani. Jabbar, fundi wetu wa winchi, alipokaza boliti ya mwisho aliteremka akijifuta jasho, akasema, "Dada Veni, hata mke wangu sijawahi kumbeba kwa upole namna hii."

"Nitamwambia," nikamjibu.

"Mwambie. Atajibu kwamba sahani haijawahi kuninunia."

Shajara hii naianza leo kwa sababu mume wangu, Srikanta, amelalamika kwamba nikimsimulia habari za antena kitandani anasinzia kabla sijafika katikati. Basi daftari halisinzii.

Juni 7

Tumepima, na sijaona kitu kizuri kama hiki mwaka mzima.

Ng'ambo ya bonde, juu ya kilima cha pili, tuna kiantena kidogo kinachorusha mawimbi kuja kwetu. Sahani yetu inazungushwa polepole juu ya mnara, nasi tunaandika inasikia kiasi gani ikiwa imeelekea wapi. Sahani njema husikia sana kwa mbele, na ubavuni iwe kama kiziwi. Mchoro wa leo ulitoka hivyo hasa: mwale mmoja mrefu umesimama katikati, na pembeni vimwale vifupi kama nyasi zilizokatwa.

Dokta Umapathi, aliyeibuni sahani hii, alikuja na shati lake lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, akautazama mchoro, akasema, "Nilijua," akaenda zake. Hakusema asante wala kwaheri. Jabbar akamwigiza nyuma ya mgongo wake mpaka tukashindwa kushika kalamu.

Sahani ni ya rada ya mvua. Itakwenda mji wa pwani ambako mwaka jana mto ulifika kwenye vigae vya nyumba na hakuna aliyeonywa. Kama inasikia kwa ubavuni, italiona kila jabali la pale kuwa ni dhoruba. Watu watakimbizwa bure mara ya kwanza, na ya pili. Ya tatu watabaki vitandani. Ndiyo maana kazi ya kupima imewekwa chini yangu, na ndiyo maana sina hamu ya kukosea.

Juni 8

Mvua za masika zimeingia. Alasiri mbingu ilifunguka kama ndoo.

Juni 11

Mvua.

Juni 14

Mvua. Viatu vyangu vimeota ukungu wa kijani. Mama mkwe anasema ni heri, huo ndio mwaka wa mavuno.

Juni 16

Upepo wa jana ulikuwa mbaya, tukaamua kuishusha sahani. Ikiwa nusu ya njia winchi iliteleza, na ukingo wake wa kulia ukagonga nguzo ya mnara. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo tu, kama kijiko kwenye bilauri, lakini Jabbar alikuwa mweupe kama sahani yenyewe. Tuliikagua kwa macho na kwa vidole. Hakuna alama. Jabbar hakula chakula cha mchana, na leo kulikuwa na fenesi.

Juni 23

Upepo umetulia, sahani imerudi juu. Chini bondeni mashamba yote ya mpunga yamejaa maji, na wanawake wamesimama kwenye mistari wakipandikiza miche, plastiki za buluu vichwani. Ukiwa juu ya mnara unaziona mbingu mbili, moja juu na nyingine chini.

Juni 24

Kumekucha.

Tumepima tena, na kwenye mchoro, upande wa chini wa ule mwale mkuu, pameota nundu. Si kubwa, lakini ipo. Nikapima mara ya pili, ya tatu, nikabadilisha nyaya, nikabadilisha kipokezi. Nundu iko pale pale.

Dokta Umapathi akaja. Safari hii alikaa.

"Kipimo chenu kibovu," akasema.

"Kipimo kilekile ulichokisifu tarehe saba, Dokta."

"Sikukisifu. Nilisema nilijua." Akanyoosha kidole bondeni. "Tarehe saba pale palikuwa na udongo mkavu. Leo pana kioo. Wimbi linatoka kilima kile, linapiga maji, linaruka, linaingia kwenye sahani kwa chini. Mnapima mashamba ya watu, kisha mnaita antena yangu."

"Au sahani imeumia ilipogonga nguzo."

Nilitamka hivyo nikijua Jabbar yuko mlangoni. Akaondoka kimya kimya. Sijawahi kumwona Jabbar akiondoka mahali bila neno.

Dokta akasimama. "Binti, mimi nilikuwa nabuni sahani wewe ukiwa bado unafundishwa kufunga nywele."

"Basi ungetubunia na hii iliyo bora zaidi," nikamjibu, na moyoni nikajiambia, Nagaveni, ulimi wako utakufukuzisha kazi.

Ukweli ni kwamba huenda ana haki. Maji hurudisha mawimbi vizuri sana. Lakini huenda na mimi nina haki. Kwa kipimo hiki hakuna awezaye kutofautisha, na mpunga hautakauka kwa ajili yetu.

Juni 27

Mkurugenzi wetu, Bwana Gurubasappa, aliniita ofisini, akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Akikumiminia kahawa mwenyewe ujue kuna jambo.

"Mwanangu Veni, mchoro wa tarehe saba ni mzuri, sivyo?"

"Mzuri sana, bosi."

"Na ulipimwa kihalali?"

"Kihalali kabisa."

"Basi si tuutumie huo? Lori limeagizwa. Pwani wananipigia simu mpaka nimeanza kujificha chooni."

Nikamwambia siwezi kutia sahihi mchoro wa tarehe saba kwa sahani ya leo. Kama sahani imebadilika, tutakuwa tumewatumia watu wale sikio linalosikia hadi pembeni. Akajimiminia kahawa na yeye. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Haya. Nionyeshe ukweli basi," akasema. "Lakini uwe upesi. Choo chenyewe kina mbu."

Juni 30

Leo, kwa kalenda yetu ya Kihindu, mwezi wa Ashadha umeingia. Mwezi huu hakufungwi ndoa, na bibi harusi wa mwaka wa kwanza haruhusiwi kukaa nyumba moja na mama mkwe wake, wala kuonana na mumewe. Lazima arudi kwao. Mimi nina miaka ishirini na tisa, naendesha kituo cha kupimia antena, na begi langu limefungwa na mama mkwe tangu juzi.

"Ni kwa heri yako," akasema akiniwekea chapati za mchele za njiani.

"Na yako pia, mama. Utapumzika na kelele zangu."

"Hilo nalo," akasema, tukacheka wote wawili. Srikanta alinisindikiza stendi akiwa na uso wa mtoto aliyenyimwa pipi. Anafundisha kemia, na mbele ya wanafunzi wake ni simba.

Kutoka Kallukere, kwa mama yangu, mpaka vilimani ni nusu saa tu kwa basi. Kazini nitafika kama kawaida.

Julai 2

Mama kanilisha ugali wa ulezi mpaka nikashindwa kuinama. Kisha nikaketi barazani nikitazama mvua, na mbele yangu, kama ilivyokuwa tangu utotoni, umesimama ukumbi wa harusi wa mjomba Puttaraju. Si mjomba wa damu, ni jirani, mfanyabiashara wa popoo, mwenye tumbo linaloingia mlangoni kabla yake. Ukumbi umefungwa. Nikamuuliza mama mbona kimya hivyo.

"Ashadha, mwanangu. Nani ataoa? Puttaraju mwezi mzima anafagia vinyesi vya popo tu."

Nikaacha kikombe. Ukumbi mkubwa, dari ya juu, mtupu, mkavu, mwezi mzima.

Sasa nieleze, maana hata mama ilibidi nimweleze mara mbili. Kuna njia nyingine ya kupima. Badala ya kuirushia sahani mawimbi kutoka kilima kingine, unaiacha irushe yenyewe, nawe unasimama mbele yake kabisa, hatua chache tu, na kijidude kidogo kinachoyanusa. Kinapandishwa na kushushwa kwenye fremu kubwa ya chuma, kushoto na kulia, kikinusa sehemu moja baada ya nyingine, maelfu kwa maelfu. Kisha hesabu za kompyuta zinakueleza mawimbi hayo yangefika vipi huko mbali. Na zaidi ya hapo, hesabu zilezile ukizigeuza kinyumenyume zinakuchorea uso wa sahani wenyewe, na kukuonyesha pale palipobonyea au kuvimba.

Fremu hiyo tunayo. Imo ndani ya makasha tangu mwaka juzi ikingoja jengo ambalo mkandarasi aliliacha kwenye msingi. Hata zile sponji nyeusi za umbo la piramidi, za kumeza mawimbi yasiruke ukutani, zimo humohumo makashani, panya wakizifanya vitanda.

Julai 4

Nimelitoa wazo kwenye kikao.

"Ukumbi wa nini?" akauliza Bwana Gurubasappa.

"Wa harusi, bosi."

"Sahani tuivalishe na sari?" akasema Jabbar. Lilikuwa neno lake la kwanza la utani tangu ile siku, nikafurahi kulisikia.

Nilimngoja Dokta Umapathi anicheke. Hakucheka. Aliinamia meza muda mrefu akichora kitu kwa kucha, kisha akauliza, "Dari ina urefu gani?"

Julai 5

Mjomba Puttaraju amekubali, kwa masharti. Viatu nje. Hakuna nyama wala yai ndani. Nazi ipasuliwe mbele ya huyo mgeni siku ya kuingia. Na juu ya yote, tuwe tumetoka kabla ya harusi ya mpwa wake, ambayo ni siku ya kwanza ya mwezi wa Shravana, unaoufuata huu, ndoa ya kwanza ya mji mzima.

"Malipo je, mjomba?" nikamuuliza.

"Nipigwe picha na hiyo sahani. Niko mbele, yenyewe nyuma."

Jabbar akaninong'oneza, "Haitaonekana."

Julai 9

Tumeingia. Ilibidi milango yote miwili ing'olewe na sahani ipitishwe kwa upande. Dokta Umapathi alikuwa mbele akirudi kinyumenyume, mikono juu, akipiga kelele, "Kushoto! Kushoto! Si kushoto kwako, kushoto kwangu!" mpaka akaangukia ndani ya sufuria kubwa la kupikia wali wa watu mia tano. Alitoka humo na masizi kwenye lile shati. Akajitazama, akasema, "Mke wangu atasema nimepata kazi ya maana hatimaye." Tukapasuka.

Nazi ilipasuka vizuri. Sahani ilipakwa sandali na manjano ukingoni. Nilihakikisha ni ukingoni tu.

Julai 12

Tumemaliza kusimamisha fremu na kubandika sponji. Jukwaa wanapoketi maharusi sasa ni ukuta wa miiba myeusi. Mama alichungulia, akasema pamekuwa kama kinywa cha mamba.

Julai 13

Mnuso wa kwanza. Kijidude kinapanda, kinasogea, kinashuka, kutwa nzima, na muda huo wote mtu haruhusiwi kupita mbele. Nimeandika bango kubwa mlangoni: USIINGIE.

Mjomba Puttaraju aliingia. Alituletea kahawa. Bango alilisoma, akaamua haliwezi kuwa linamhusu mwenye ukumbi. Akasimama mbele ya sahani, akageuka huku na huku, akauliza, "Mbona haitoi sauti?"

Kwenye mchoro wa jioni pametokea mlima mkubwa katikati. Tumeuita Tumbo la Mjomba. Jabbar ameubandika ukutani. Kesho tena.

Julai 15

Umeme umekatika mara mbili, mnuso umeharibika mara mbili. Siku imekwenda na maji.

Mama aliona tumekaa chini kama watu waliofiwa, akatuletea chakula ukumbini, akatandika majani ya mgomba. Dokta Umapathi alikula kidogo akajitenga. Mama hamwogopi mtu.

"Wewe mwenye shati, mbona huli?"

"Nimeshiba, mama."

"Muongo. Mwili wako hauna hata pa kuwekea njaa. Kula."

Alikula mabonge matatu ya ulezi. Kisha, bila kuulizwa, akamweleza mama habari ya sahani, kwa maneno mepesi ambayo sisi hajawahi kututolea: kwamba ni sikio, na kwamba sikio la rada linatakiwa limjue anayesema na lisiwasikilize wanaopita. Mama akatikisa kichwa. "Kama mimi na majirani," akasema. Na Dokta akacheka, na nikagundua kuwa ana pengo la jino, na kwamba miaka yote hii amekuwa akicheka kwa kufunga mdomo.

Julai 16

Srikanta ametokea, eti kaniletea mwavuli. Mama alimzuia mlangoni kwa fagio. "Ashadha! Rudi kwenu!" Tulikutana nyuma ya sponji, dakika chache, kama wanafunzi. Amesema mahali hapo ni pazuri, hakuna hata mwangwi wa kutusaliti. Mwavuli wenyewe ulikuwa umetoboka.

Kesho atatuletea jenereta ya shule yake. Mwalimu mkuu amekubali tukimpa mchoro wa kufundishia.

Julai 19

Leo nitaandika mpaka mkono uume.

Kwa jenereta ya shule mnuso wa jana ulikwenda hadi mwisho, na asubuhi hii hesabu zilikuwa tayari. Tulikuwa wanne mbele ya kompyuta: Dokta, Bwana Gurubasappa aliyekuja na gari la ofisi, Jabbar, na mimi. Mjomba alikuwa nje, analinda mlango dhidi yake mwenyewe.

Kwanza nikafungua mchoro wa mawimbi. Nundu ilikuwepo. Ilikuwa ndogo kuliko ya kilimani, karibu nusu yake, lakini ilikuwepo. Ndani ya ukumbi hakuna mpunga wala maji.

"Kwa hiyo bonde lilikuwa linaikuza," nikasema. "Dokta alikuwa na haki."

"Nusu ya haki," akasema Dokta. Sauti yake ilikuwa kavu. "Fungua uso wa sahani."

Jabbar alikuwa amekaa juu ya kasha na viganja amevibana katikati ya magoti. Mimi ndiye niliyemtia hofu hiyo, mbele ya watu, siku ile. Nilibonyeza nikitamani nisibonyeze.

Uso ukajichora polepole, mstari kwa mstari, buluu kila mahali, maana yake ni sawa. Ukingo wa kulia, pale ulipogonga nguzo: buluu. Nikaukuza. Buluu tupu, laini.

"Jabbar," nikasema, "njoo uone."

Hakusogea. "Niambie tu, dada."

"Haijaumia. Hapo ilipogonga hakuna kitu."

Aliinamisha kichwa juu ya magoti, mabega yakatikisika, na sikujua analia au anacheka, naye nadhani hakujua.

Lakini upande wa kushoto, chini, paneli mbili za uso huo zilikuwa nyekundu. Zimesogea mbele karibu milimita mbili. Hakuna aliyezigusa. Dokta Umapathi alisimama akazitazama paneli hizo kwenye skrini, kisha akaenda kuzitazama zenyewe, akalala chali chini ya sahani na tochi mdomoni. Tulisikia bisibisi. Alipotoka alikuwa na kipande cha plastiki kiganjani, kile kikalio kirefu kinachokaa kati ya paneli na mbavu za chuma. Akakipima. Akachukua kipya kutoka kwenye pakiti iliyofungwa bado, akakipima na hicho. Kile cha zamani kilikuwa kirefu zaidi.

"Kimekunywa unyevu," akasema. "Juni kilikuwa kikavu. Mvua imeingia, kimevimba, kimesukuma paneli. Hivi viwili vimevimba mwanzo kwa sababu maji yanatiririkia upande huu. Vingine vitafuata."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

Bwana Gurubasappa ndiye aliyelisema lililokuwa vichwani mwetu. "Na pwani unyevu ni mwaka mzima."

"Ndiyo. Mchoro wa tarehe saba ulikuwa wa kweli. Na ungekuwa wa uongo mara tu sahani ikishuka kwenye lori." Dokta akanigeukia, akanipa kile kipande. "Plastiki niliichagua mimi. Fundi wa karakana aliniambia tuweke chuma cha pua, nikasema kitaongeza uzito. Ni yangu. Andika hivyo, na jina langu uliandike."

Nimefanya kazi na mtu huyu miaka minne nikidhani kiburi chake ni ukuta. Nilimtazama akifuta magoti ya suruali, na nikaona kuwa kwake jambo likishathibitishwa limekwisha, hata likiwa dhidi yake. Halina haja ya kupambwa. Hata ile "nilijua" yake labda ilikuwa furaha, kwa jinsi anavyoijua furaha.

"Nilikukosea adabu ile siku, Dokta," nikasema.

"Ulinikosea. Ila ulikataa kutia sahihi." Kisha, akielekea mlangoni, "Mama yako amepika nini leo?"

Julai 21

Dokta na Jabbar wamekwenda mji wa Shivamogga kuchongesha vikalio vya chuma. Wamerudi wakiimba. Sitaki kujua.

Julai 24

Kufungua, kuweka, kukaza. Kila paneli. Vidole vyangu havikunji.

Julai 26

Watu wa mapambo wamekuja kupima ukumbi kwa ajili ya maua. Mjomba aliwaonyesha sponji akawaambia ni mtindo mpya wa Bengaluru. Mmoja wao ameuliza bei.

Mnuso umeanza mchana. Jenereta inakohoa. Nami nakohoa pamoja nayo.

Julai 27

BULUU. Sahani nzima ni buluu, na vimwale vya pembeni ni nyasi zilizokatwa, pande zote, juu na chini. Ili kuwa na hakika tuliinyunyizia maji siku mbili kabla ya mnuso, kama shamba. Haikusogea hata unywele.

Nimetia sahihi. Bwana Gurubasappa akawapigia simu pwani mwenyewe, akiwa amesimama katikati ya ukumbi, kwa sauti ya mtu aliyetoka chooni kwa heshima.

Julai 29

Shravana imeingia, na lori limekwama.

Lilikuwa lije jana. Likaja leo asubuhi, wakati wapiga nagaswara wanajaza upepo kwenye zumari zao na sahani imelala nje chini ya turubai, imezungukwa na vyungu vya maua. Tukaipakia kwa haraka, lori likatoka hatua kumi, gurudumu la nyuma likazama kwenye tope, palepale getini. Na kutoka barabarani tukasikia ngoma. Msafara wa bwana harusi ulikuwa unakuja, na geti ni moja.

Mjomba Puttaraju alishika kichwa. "Veni, nilikuomba jambo moja tu! Saa njema ikipita, dada yangu atanizika hapa hapa!"

Dokta akaingia chini ya lori. Jabbar akatupa mbao. Lori likaunguruma, likazama zaidi. Msafara ukafika, ngoma zikanyamaza moja moja, na bwana harusi, kijana mrefu mwenye kilemba cha dhahabu, akateremka kwenye gari lake akauliza kuna nini.

"Rada," nikasema, kwa kuwa sikuwa na jibu refu. "Ya mvua. Inakwenda pwani."

"Pwani wapi?"

Nikamtajia mji.

"Shangazi yangu anakaa huko. Mwaka jana walimtoa kwenye paa." Akakunja dhoti yake ya hariri hadi magotini, akamkabidhi kilemba mpambe wake. "Haya, jamani, sukumeni!"

Mjomba alipiga ukelele kuhusu hariri. Hakuna aliyemsikia. Ndugu, marafiki, wapiga ngoma, mpiga picha, wote waliliegemea lori, Dokta Umapathi akiwa katikati yao akipiga kelele, "Kulia! Kulia kwangu!" na lori likatoka kama jino. Tope lilimfunika kila mtu. Bibi harusi alikuwa dirishani na dada zake, na kicheko chake kilifika hadi barabarani.

Walioana kwa wakati. Bwana harusi aliketi jukwaani na madoa ya tope masikioni. Mimi na Srikanta tulikula pamoja kwenye jani moja, maana Ashadha imekwisha na fagio la mama limerudi jikoni.

Septemba 3, pwani

Siku nne za mwisho tumekuwa tukiifunga rada juu ya kilima kilicho nyuma ya mji. Dokta anasimamia, mimi napima. Wenyeji wanatupitia kama watu wapitavyo duka lisilo na bidhaa. Mama anayetupikia, Leelavati, ananing'inizia nguo zake kwenye nyaya zetu za kushikilia mlingoti, na nimechoka kumkataza.

Leo mchana tuliiwasha. Majabali yote ya nyuma ya mji hayakuonekana, kama tulivyotaka. Upande wa bahari palikuwa safi, kisha kwenye ukingo wa skrini pakatokea doa la kijani, likawa la njano, likaanza kuja.

Nikatoka nje. Jua kali, mbingu buluu. "Mama Leelavati," nikamwambia, "anua nguo. Mvua inakuja."

Akatazama juu, akanitazama mimi. "Mwanangu, nimezaliwa hapa. Mvua ikija naisikia kwenye magoti."

"Anua tu."

"Mwaka jana hawakutuambia kitu. Leo ndio mnaanza na nguo zangu?"

Lakini alianua, akinung'unika, moja baada ya nyingine, huku Dokta Umapathi akimshikia kapu. Kisha tukakaa kibarazani sote watatu tukingoja. Upepo uligeuka. Minazi ya chini ikaonyesha migongo ya majani yake, bahari ikawa ya kijivu, na ukuta wa maji ukapanda kilima kwa kelele mpaka kwenye vidole vyetu vya miguu.

Mama Leelavati alilitazama kapu lake la nguo kavu. Akainuka, akaingia ndani, tukasikia anapiga simu. "Halo? Dada, ni mimi. Mvua imeshafika huku kwetu, inaufuata ufuko kuja kwenu. Waite watoto watoke ufukweni. Nani kasema? Wamesema watu wa rada. Ndiyo, wanajua. Waite, nimekwambia wanajua."